Mbegu iliyolala si mbegu iliyokufa

Leo tujifunze jambo la kitaluni ambalo kikundi chetu kilijifunza kwa hasara.

Msimu uliopita tulijaza viriba 200 na kupanda mbegu za mlusina, moja kila kiriba. Kwa wiki tatu tulimwagilia maji tuliyoyapangia foleni bombani. Ikaota miche 18 tu. Wengi tukasema mbegu ni mbovu, zitupwe. Mama mmoja akafukua chache, akazisugua. Zilikuwa ngumu na zinang'aa kama siku ya kwanza. Hazikuwa zimeoza, zilikuwa zimelala. Tulipoanza upya tulikuwa tumechelewa. Mvua ilikuta miche midogo mno, na mingi ikakauka kiangazi. Kuni tulizozitegemea zikaahirishwa mwaka mzima, na mama zetu wakaendelea kuzifuata mbali.

Kwa nini mbegu hulala?

Mlusina, mgunga na miti mingi ya jamii ya kunde ina mbegu zenye ganda lisilopitisha maji. Hiyo ni kinga yake, ili mbegu zote zisiote kwa mvua ya siku moja kisha zikafa kwa jua. Porini ganda hulegea polepole kwa joto, kwa kukwaruzwa, au mbegu ikipita tumboni mwa mnyama. Kitaluni hatuwezi kungoja hivyo. Lakini si kila mti wa jamii hii hulala: mbegu za glirisidia huota bila kuamshwa.

Namna ya kuamsha

1. Chagua mbegu. Ondoa zilizotobolewa na wadudu na zilizosinyaa.
2. Chemsha maji mengi, kiasi cha mara kumi ya mbegu. Ipua sufuria, ngoja mapovu yatulie, ndipo utie mbegu. Usichemshe mbegu motoni, utaua kiini.
3. Mlusina: baada ya dakika tatu mwaga maji ya moto, tia ya baridi, acha hadi kesho yake. Mgunga: ziache katika maji yale yale yapoe hadi kesho yake.
4. Asubuhi tazama. Mbegu iliyovimba imekunywa maji. Ipande siku hiyo hiyo.
5. Kama mbegu ni chache, kwaruza ganda kidogo kwa msasa, au likate kwa kiwembe upande usio na kitovu, kisha loweka katika maji ya baridi usiku mmoja.

Jaribu kabla ya kujaza viriba

Changanya mbegu zako vizuri, kisha hesabu 100 bila kuchagua nzuri tu. Amsha 50, na 50 uziache kama zilivyo. Panga kila fungu kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka kivulini. Kitambaa kisikauke wala kisielee majini. Hesabu zilizoota kila siku kwa siku 14, uandike daftarini.

Siku ya mwisho bonyeza zilizobaki. Iliyo laini na inayonuka imekufa. Iliyo ngumu kama kijiwe bado imelala, iamshe tena.

Chukua fungu lililoamshwa, zidisha hesabu yake kwa mbili, upate asilimia. Zikiota 40 kati ya 50, ni asilimia 80.

- Asilimia 80 au zaidi: panda mbegu moja kila kiriba, na chache za akiba pembeni.
- Kati ya 50 na 80: panda mbili. Zikiota zote, hamishia mmoja kwenye kiriba kitupu.
- Chini ya 50: otesha kwanza kwenye gunia lenye unyevu, kisha hamishia viribani zile zilizoanza kutoa mzizi.

Jaribio hili linataka vitambaa viwili na kikombe cha maji kila siku. Kosa letu lilitaka madumu ya wiki tatu na msimu mmoja. Lifanyeni mapema, miezi mitatu au minne kabla ya mvua, ili miche ikue vya kutosha kabla ya kwenda shambani.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mbegu zetu zilizobaki zimekufa au zimelala? Tutajuaje?
2. Tukihitaji miche 200, na asilimia ni 40, tuandae mbegu ngapi? (Jibu: zisipungue 500.)
3. Nani atatunza daftari?