JINSI YA KUANDIKA MALENGO YA MRADI

Vikundi vingi hapa kambini vina mawazo mazuri, lakini maandiko yao ya kuomba fedha yanarudi. Kikundi chetu ni kimojawapo. Tuliandika: "Lengo letu ni kuboresha afya ya jamii na kuhamasisha usafi." Tukaulizwa swali moja tu: mtajuaje kama mmefanikiwa? Hatukuwa na jibu.

Kwanza tofautisheni lengo kuu na malengo mahususi. Lengo kuu ni yale mabadiliko makubwa ambayo mradi unayachangia. Kwa mfano: "Kupunguza ugonjwa wa kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika kijiji chetu." Hapo maji, vyoo, chakula na zahanati vyote vinahusika, kwa hiyo msiahidi kuumaliza peke yenu.

Lengo mahususi ndilo mtakalopimwa nalo, na hapa ndipo wengi tunakosea. Lazima lionyeshe nani, nini, kiasi gani, wapi na hadi lini. Chukueni mfano wa kibuyu chirizi, lile dumu la lita 5 lililotobolewa na kuning'inizwa, lenye kamba na kijiti cha kukanyagia. Tuseme kijiji kina kaya 200. Mmepita nyumba kwa nyumba mkakuta kaya 30 tu zina mahali pa kunawa mikono karibu na choo, penye maji na sabuni. Sasa andikeni: "Ifikapo mwisho wa mwezi wa 6 wa mradi, kaya 150 kati ya 200 za kijiji chetu ziwe na mahali pa kunawa mikono karibu na choo, penye maji na sabuni." Mtu yeyote anaweza kupita akahesabu. Lakini bila kujua zile 30 za mwanzo, hiyo 150 haina maana. Kahesabuni kabla ya kushika kalamu.

"Kufanya mikutano 6 ya uhamasishaji" si lengo, ni shughuli. Mikutano yote inaweza kufanyika, soda zikanywewa, na watoto wakaendelea kuhara.

Tena msiandike namba za kumfurahisha mfadhili. Mwongozo wa Sphere unataka angalau choo 1 kwa watu 20. Kwa kijiji cha watu 1,000 hivyo ni vyoo 50. Je, kikundi cha watu 12 kitaweza kuchimba vyoo 50 kwa miezi 6? Kama hakiwezi, andikeni 10, na mtaje kabisa kuwa ni kwa kaya za wazee na watu wenye ulemavu wasioweza kuchimba wenyewe. Vilevile fikirieni sabuni: mgao ukichelewa, lengo lenu litasimama na nini?

Mkimaliza, mpeni jirani asiye wa kikundi asome malengo tu, halafu awaeleze mtafanya nini. Akikwama mahali, andikeni upya hapo hapo.