Neno "Mlango" na Maana Zake

Mwaka huu nimechagua neno moja tu, nalo ni mlango. Najua wapo watakaosema, "Aa, na hilo nalo lina nini?" Basi nipeni nafasi.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika katika insha kwamba bwana harusi na bibi harusi "ni wa mlango mmoja". Insha iliporudi, maneno hayo yalikuwa yamepigiwa mstari mwekundu na pembeni pana alama ya kuuliza. Maksi zikapungua. Kwa heshima zote, mimi nasema mwanafunzi yule alikuwa sawa. Hapa Mombasa mlango ni watu wa ukoo mmoja. Waswahili wa asili wa mji huu ni Miji Kumi na Miwili, yaani Thelatha Taifa (Wakilindini, Watangana na Wachangamwe) na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao ni Wamvita na Wajomvu. Ndani yake mna mbari, na mna milango. Mzee akikuona wapita Kibokoni akauliza, "Mwanangu, wewe u wa mlango gani?" usimwoneshe nyumba yenu! Ataka jina la babu.

Visawe tunavyo: ukoo, mbari, nasaba, aila. Lakini havilingani sawasawa. Nasaba hutazama damu tangu juu kuja chini. Aila yaweza kuwa baba, mama na watoto tu. Mlango, kwa nionavyo, ni kama kusema watu hawa, hata wakitawanyika, waliingia na kutoka pamoja. Ndiyo sababu "nyumba" nayo hutumika vivyo hivyo.

Na tukiwa bado harusini, kuna kifungua mlango. Hiki ni kitu ambacho kwa desturi ya kale bwana harusi hukitoa ndipo aruhusiwe kuingia chumbani kwa bibi harusi. Kiweke pamoja na kifungua kinywa na kifungua mimba, uone lugha inavyojipanga.

Baharini, mlango ni mahali pembamba pa kupitia maji. Chombo kitokacho Bahari ya Shamu kuja Bandari ya Kale hupita Mlango wa Bab el-Mandeb. Wanaojua Kiarabu watacheka, maana bab ni mlango, kwa hivyo twasema mlango wa mlango!

Mwilini mna milango mitano ya fahamu, na wauguzi husema mlango wa kizazi. Wakristo katika Biblia ya Kiswahili ya zamani husoma "mlango wa kwanza" pale ambapo vitabu vingine huandika sura. Msikitini twaambiwa mlango wa toba u wazi. Na aliyepata kazi kwa kujuana au kwa chai ameingia kwa mlango wa nyuma, hata kama ofisi yenyewe ina mlango mmoja tu.

Hata viungo vya mlango vina mafumbo yao. Tazama milango ya kuchongwa ya Mji wa Kale: ina miimo pande mbili, mfaa katikati, na kizingiti. Katika hivyo vyote ni kizingiti kilichopata bahati ya kuingia magazetini, "vizingiti vya maendeleo", kwa kuwa humkwaza mtu. Mfaa, masikini, hautajwi.

Limebaki lango. Hili ni ukubwa wa mlango, ndiyo maana Ngomeni, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, pana lango, na chumba changu kina mlango. Watangazaji wa Tanzania hupenda kusema mlinda mlango, sisi Kenya twasema mlinda lango. Goli lina upana wa mita 7.32, kwa hivyo mimi niko upande wa lango. Kama golikipa wetu hakubali, aje chamani tujadiliane.