SOMO LA AFYA: HEWA INAPOVUJA KIFUANI MWA MTOTO



Tumezoea kuzungumzia mtoto anayekosa hewa. Safari hii tujifunze juu ya hewa iliyokaa mahali pasipo pake.

Pafu likitoboka, hewa huvuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Wataalamu huiita nyumothoraksi. Pafu husinyaa. Hewa ikizidi bila njia ya kutoka, husukuma hata moyo, na mtoto anaweza kufa kwa muda mfupi.

Walio hatarini
Kwa wachanga: njiti, aliyevuta kinyesi chake cha kwanza wakati wa kuzaliwa, na aliyepulizwa hewa kwa nguvu mno alipokuwa akisaidiwa kupumua. Kwa wakubwa: wenye nimonia kali, kifua kikuu, pumu au jeraha la kifua.

Dalili
Mtoto huguna, pua hutanuka, midomo hugeuka bluu, na pengine upande mmoja wa kifua haupandi. Hupumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, mara 50 akiwa na miezi 2 hadi 11, mara 40 akiwa na mwaka 1 hadi 5. Nimonia nayo huwa hivyo, na nyumbani hakuna awezaye kutofautisha. Kazi yetu ni kumfikisha hospitali bila kuchelewa.

Matibabu
Hewa kidogo huweza kuisha yenyewe mtoto akiangaliwa kwa karibu. Ikiwa nyingi, daktari huitoa kwa sindano au kwa mrija ambao ncha yake huzamishwa katika chupa ya maji. Hewa hutoka kwa mapovu na maji huizuia kurudi. Chupa ikae chini ya usawa wa kifua, mzazi asiinyanyue.

Wajibu wetu
Chanjo ya nimonia, inayotolewa Tanzania tangu 2013 katika wiki ya 6, 10 na 14, hupunguza chanzo kimojawapo. Lakini mashine ya oksijeni pekee haitoi hewa iliyonaswa kifuani. Tunapopanga misaada tukumbuke pia mirija ya saizi ya watoto na mafunzo ya wahudumu.

Maswali ya kujadili
1. Usiku wa manane, nani katika usharika wetu ana usafiri, na nauli itatoka mfuko gani?
2. Je, tumewahi kumwuliza mganga mfawidhi anapungukiwa nini kabla ya kununua?