Mbwa Aliyenyamaza Naye ni wa Kushukiwa

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Usemi huu unafaa kukumbukwa na kila kaya inayofuga mbwa. Mkazi akitajiwa kichaa cha mbwa, kwa kawaida humfikiria mbwa mkali anayekimbia ovyo njiani, mwenye povu mdomoni, anayemng'ata kila anayekutana naye. Mbwa wa namna hiyo yupo, na watu hujua kumkimbia. Lakini ugonjwa huu una sura ya pili iliyo tulivu, na hiyo ndiyo inayohusika na somo hili.

Ugonjwa unavyoingia mwilini

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyopatikana katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi huingia mwilini mtu anapong'atwa, au mate yanapogusa jeraha, mchubuko, macho au kinywa. Kisha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa mbwa, safari hiyo huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache, na katika muda mwingi wa safari hiyo mnyama huonekana mzima. Kwa binadamu, dalili mara nyingi hujitokeza baada ya mwezi 1 hadi 3. Zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki, kwa kuwa hakuna dawa ya kumponya. Uhai huokolewa kabla ya dalili.

Dalili za kutazama

Dalili ya kwanza ni kubadilika kwa tabia. Mbwa mchangamfu hujitenga na kujificha gizani. Mbwa aliyezoea kukaa mbali na watu huwaendea kwa ukaribu usio wa kawaida. Baada ya hapo ugonjwa huweza kuchukua mojawapo ya sura mbili.

Sura ya ukali: mbwa hurandaranda, hutafuna mawe, vijiti na vyuma, na kushambulia bila kuchokozwa.

Sura ya kupooza: taya la chini hulegea, mate huchuruzika, sauti ya kubweka hubadilika, kumeza chakula na maji hushindikana, na miguu ya nyuma hukosa nguvu.

Hapa ndipo penye hatari. Mwenye mbwa akiona mdomo uko wazi na mate yanatoka, hudhani mfupa umekwama kooni. Kwa huruma humshika mnyama na kutia mkono kinywani kuutafuta. Mfupa haupo, kuna mate yenye virusi, nayo yamegusa vidole vyenye mikwaruzo ya kazi za shambani. Kwa kuwa hakung'atwa, haendi zahanati. Kosa hilohilo huweza kutokea kwa ng'ombe, mbuzi na punda, kwani nao huugua kichaa cha mbwa na kushindwa kumeza. Kanuni ni moja: mnyama anayeshindwa kumeza asitiwe mkono kinywani. Aitwe mtaalamu wa mifugo.

Hatua za kuchukua

1. Aliyeng'atwa, aliyeparuzwa au aliyeguswa na mate penye jeraha aoshe mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Jeraha lisipakwe majivu, chumvi, pilipili wala mafuta.

2. Aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa katika tarehe tofauti. Zote zihudhuriwe kama mhudumu atakavyoelekeza.

3. Mbwa anayeshukiwa afungiwe ndani ya banda au ua bila kushikwa kwa mikono, na taarifa ipelekwe kwa Afisa Mifugo wa Kata au Mtendaji wa Kijiji. Mbwa aliyemng'ata mtu huangaliwa kwa siku 10. Aliyeng'atwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende kutibiwa.

4. Mbwa akifa, asichunwe wala kuzikwa kabla ya Afisa Mifugo kuarifiwa, kwani huenda sampuli ikahitajika kwa uchunguzi.

5. Watoto waelezwe kuwa hawatagombezwa wakisema wameng'atwa. Mtoto anayeogopa adhabu huficha jeraha, na siku zinazopotea hazirudi.

Kinga

Mbwa na paka wachanjwe wakifikisha umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Katika eneo ambalo mbwa 7 kati ya kila 10 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo mbwa wa jirani asiyechanjwa ni jambo la mtaa mzima. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba kila mwaka, lakini mwenye mbwa asiyechanjwa asiingoje; amwone Afisa Mifugo wa Kata sasa.

Maswali ya kujadiliwa katika kaya na mikutano ya vitongoji

1. Kwa nini mbwa mtulivu anayetokwa na mate ni wa kuogopwa kama mbwa mkali?
2. Mtu aliyetia mkono katika kinywa cha mbwa wa namna hiyo, pasipo kung'atwa, afanye nini?
3. Mbwa wa nyumbani kwako alichanjwa lini kwa mara ya mwisho?