Tundra ya Kaskazini na Nduguye wa Rwenzori

Hapa Mbarara, mwalimu wa Jiografia akitaja tundra, wengi hupiga miayo. Wenzetu watokao makazi ya Nakivale, penye jua kali, miti ya miiba na ng'ombe wanaonywa ziwani, huuliza nchi hiyo inawahusu nini. Nami nasema inatuhusu, maana nchi iliyo kama ndugu yake ipo mpakani mwa Uganda na Kongo.

Tundra yenyewe iko kaskazini kabisa mwa Urusi, Kanada na Alaska. Huko ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Kiangazi kikifika, tabaka ya juu tu huyeyuka, na maji yakikosa njia ya kushuka hufanya matope na vidimbwi. Mti mkubwa haupati mahali pa kushusha mizizi. Mimea hujilaza chini, na miezi ya baridi theluji huifunika kama blanketi. Panya waitwao lemingi hupita chini ya theluji hiyo, na mbweha mweupe huwawinda.

Sasa tufanye hesabu. Mbarara iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na wastani wa joto lake ni kama digrii 20 za sentigredi. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Tofauti ni mita 3,700 hivi. Zidisha, utaona joto limepungua kwa digrii 22. Basi tumeshuka chini ya sifuri, na ikweta iko karibu!

Mwenye kupanda Rwenzori hupita msitu, halafu mianzi, halafu miti ya erika iliyoota ndevu za kuvu. Karibu na mita 4,000 hukuta lobelia na senesio. Huko Ulaya senesio ni gugu la bustanini. Huku ni mti wa kuwapita watu wawili waliobebana. Kwa nini mimea ya kule ni mifupi na ya huku mirefu? Jambo hili lanipendeza kuliko yote. Kule baridi hukaa miezi mingi mfululizo, kwa hiyo mmea hujificha. Huku mlimani mchana huwa na joto kiasi na usiku huwa na sakitu, siku zote za mwaka. Usiku baridi iliyo kali zaidi hulala karibu na ardhi. Chipukizi lililoinuliwa juu lina nafuu. Tena senesio haiyaangushi majani yake makavu, bali huyavaa shinani kama koti, maji ya ndani yasigande. Jioni majani mabichi hujikunja na kulifunika chipukizi. Ndege chozi hunywa katika maua ya lobelia, na pimbi hukaa miambani.

Mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipofika vileleni, barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Rwenzori. Mwaka 2005 ilibaki juu ya mitatu tu, nayo imezidi kupungua. Wakonzo huiita theluji nzururu, na ufalme wao, uliotambuliwa na Serikali mwaka 2009, ni Rwenzururu, yaani nchi ya theluji. Dunia ikizidi joto, mimea ya tundra yaweza kusogea kaskazini kidogo kidogo (ingawa hata huko bahari itaizuia). Mmea wa mlimani hupanda mpaka kileleni, na juu ya kilele hakuna udongo.

Ndugu zetu waliotoka Beni na Mutwanga wameuona mlima huu kwa upande wa magharibi. Nawaomba waandike katika toleo lijalo majina ya mimea hii kwa Kinande, maana kitabu chetu kina ya Kilatini tu.