Somo la Pampu ya Baiskeli: Ya Nyumbani na ya Safarini

Ndugu mkulima, umekamua ng'ombe wako kabla ya mapambazuko, umechuja maziwa, na kopo umelifunga vizuri juu ya keria ya baiskeli. Washika usukani ili uondoke, na hapo waona gurudumu la nyuma limelala chini. Wakimbilia kwa jirani kuazima pampu, naye amekwisha kumwazima mtu mwingine. Mwishowe pampu yapatikana, lakini yapumua kandokando wala haijazi kitu.

Maziwa hayangojei mambo hayo. Yanapotoka kiweleni yana joto la mwili wa ng'ombe, na katika joto hilo vijidudu huzidi upesi sana. Maziwa yasiyopozwa yafaa yafike mahali pa kupozea katika muda wa saa 2 au 3 baada ya kukamuliwa. Yakichelewa, mpimaji huyakataa, nawe hurudi nyumbani na kopo zito kama ulivyoondoka nalo. Ni kweli kwamba siku hizi maziwa mengi katika skimu zetu huchukuliwa kwa pikipiki. Hata hivyo wako wakulima wengi ambao gari lao ni baiskeli, kwa maziwa, kwa mbolea, kwa mahindi ya kusaga, na kwa mtoto aliyeshikwa na homa usiku. Basi somo letu ni juu ya pampu, namna ya kuichagua dukani na namna ya kuitunza ili isikuaibishe.

Kwanza tuseme kwa nini upepo wenyewe ni jambo kubwa. Lita 20 za maziwa zina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo, bila kopo. Mzigo huo wote hukaa juu ya gurudumu la nyuma, pamoja na sehemu kubwa ya uzito wako wewe. Tairi likiwa na upepo mchache, kila jiwe unalolikanyaga hulibana hata ringi ya chuma ikagusa jiwe, na tiubu iliyo katikati hukatwa. Ukiifungua tiubu ya namna hiyo waona matundu mawili yaliyo sambamba. Wengi husema ni mwiba. Mwiba hutoboa tundu moja. Matundu mawili sambamba ni alama ya upepo mchache. Tena tairi laini hupasuka kandokando mapema, na miguu yako hufanya kazi ya bure njia nzima.

Kila tairi lina namba iliyochapwa ubavuni pake, ikifuatwa na herufi PSI, yaani paundi za nguvu ya upepo. Mengine huonyesha pia kwa kipimo cha bar, na bar 1 ni kama paundi 14 na nusu. Soma namba hiyo kabla ya kununua pampu, kwa sababu pampu ambayo haiwezi kufikisha namba ile haikufai, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani. Gurudumu la nyuma linalobeba mzigo lataka upepo mwingi kuliko la mbele, lakini usipite namba ya juu iliyoandikwa.

VALI YAKO NI YA AINA GANI?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu hununua pampu nzuri kabisa, akifika nyumbani aona mdomo wake haushiki vali ya baiskeli yake. Ziko vali za aina 3 ambazo waweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni ile ya baiskeli kubwa nyeusi, ambayo watu wengi huiita Black Mamba. Ina kijiti cha ndani kilichovikwa kipira chembamba, na nati ya kukikaza. Upepo wa pampu hukisukuma kipira kando na kuingia, kisha kipira hujifunga chenyewe. Ya pili ni kama ya gari au pikipiki, nene, na ndani yake katikati mna kipini ambacho lazima mdomo wa pampu ukibonyeze ndipo upepo uingie. Baiskeli nyingi za siku hizi zenye gia huwa na vali hii. Ya tatu ni nyembamba na ndefu, ina nati ndogo juu ambayo hulegezwa kabla ya kupiga pampu na kukazwa baadaye. Hii utaiona zaidi katika baiskeli za mashindano.

Dawa yake ni rahisi. Nenda dukani pamoja na baiskeli, au chukua tiubu kuukuu yenye vali kama yako, na umwombe mwenye duka uijaribu pampu juu yake. Mdomo wa kukaza kwa kuzungusha ushike bila kulazimishwa. Ule wa kubana kwa wenzo ukae imara, usirukeruke upepo unapozidi. Nyumba yenye baiskeli ya baba ya aina ya kwanza na ya mtoto wa shule ya aina ya pili yafaa itafute pampu yenye midomo miwili.

Jambo moja la kupendeza, kwa vile sisi ni wafugaji: aliyelifanya tairi la upepo litumike katika baiskeli, John Boyd Dunlop, alikuwa daktari wa mifugo huko Belfast. Alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu, akalisajili mwaka 1888.

PAMPU YA NYUMBANI NA PAMPU YA NJIANI

Hizi ni kazi mbili. Pampu ya nyumbani husimama chini, ina mahali pa kukanyagia, nawe huisukuma kwa mikono miwili na uzito wa mwili. Pampu ya njiani hufungwa kwenye fremu ya baiskeli na husukumwa kwa mkono mmoja. Wengine hudhani ile kubwa ni bora kwa kila jambo. Sivyo, na hesabu yenyewe ni hii.

Nguvu inayotakiwa kusukuma mpini hutegemea upana wa ndani wa pampu. Tuseme wataka paundi 50. Pampu yenye upana wa milimita 22 ndani yake itakutaka usukume kwa nguvu kama ya kilo 13 mwishoni mwa kazi. Mkono wa mtu mzima waweza. Pampu yenye upana wa milimita 35 itataka kama kilo 34. Kwa mkono mmoja njiani utatokwa jasho bure, lakini kwa pampu ya kusimama, ukiinama juu yake, si kitu. Kwa hiyo pampu ya mkono iwe nyembamba, na ya kusimama yaweza kuwa nene.

Unene nao una faida yake, maana kila mpigo huingiza hewa nyingi. Tairi la 28 kwa 1½ likiwa tupu, pampu ya mkono ya milimita 22 yenye mwendo wa sentimita 35 italijaza hadi paundi 50 kwa mipigo kama 60. Pampu ya kusimama ya milimita 35 yenye mwendo wa sentimita 45 itatumia mipigo kama 20. Vile vipampu vidogo vya kutia mfukoni, vyenye upana wa milimita 16 na mwendo wa sentimita 12, vitataka mipigo zaidi ya 300. Hii ni hesabu ya pampu isiyovuja hata kidogo. Pampu za kweli huzidi hapo.

Tena hesabu hiyo ni ya mahali palipo karibu na usawa wa bahari, kama Mpeketoni. Mkulima wa Kinangop, aliye juu ya bahari karibu meta 2,500, asishangae akipiga zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi, kama robo tatu tu ya ile ya pwani, na kila mpigo huchukua kidogo. Mipigo 60 ya Mpeketoni huwa zaidi ya 80 huko Kinangop. Basi kwa watu wa milimani kipampu cha mfukoni hakifai kwa kazi ya maziwa. Ni cha mtu anayetembeza baiskeli kwa kujifurahisha.

Ikiwa fedha yako yatosha pampu moja tu, sisi twashauri ununue ya mkono, ndefu, ya chuma au alumini, inayokaa kwenye fremu. Itakufaa nyumbani na itakufaa njiani, ila itachosha mkono. Pampu ya kusimama peke yake haikusaidii ukiwa umbali wa kilomita 6 kutoka nyumbani. Wenzetu wa Marigat, kwenye skimu ya Perkerra, wajua jambo hili vizuri, kwa kuwa mwiba wa mathenge, mti ulioletwa Baringo katika miaka ya 1980, hautofautishi tairi jipya na la zamani. Huko kuondoka bila pampu na viraka ni kama kuondoka bila viatu.

Pampu ya kusimama yaweza kununuliwa na majirani wanne au watano kwa pamoja, au na chama chenu cha ushirika na kuwekwa kwenye kibanda cha kukusanyia maziwa. Lakini lazima awepo mtu mmoja anayeitunza na kujulikana. Pampu ya watu wote isiyo na mwenyewe haimalizi msimu mmoja wa mvua.

Usidanganywe na kituo cha petroli. Mashine yake ni ya matairi ya magari, na tiubu ya baiskeli ni ndogo. Ukizembea kidogo hupasuka kabla hujaondoa mkono.

KUIJARIBU DUKANI

Usione haya kuijaribu mbele ya mwenye duka. Vuta mpini mpaka mwisho, ziba tundu la upepo kwa kidole gumba, kisha sukuma. Mpini ukatae kwenda, na ukiuachilia urudi kama unaosukumwa na mtu aliye ndani. Shikilia huku ukihesabu mpaka 10. Ukienda chini polepole, pampu yavuja, irudishe. Tazama chuma cha mpini kama kimenyooka, maana kilichopinda hula ngozi ya ndani upande mmoja. Pinda mpira wa kupitishia upepo na uangalie kama una nyufa. Kwa pampu ya kusimama, ikanyage: mahali pa mguu pawe papana na pa chuma, pasikunjike.

Kisha muulize mwenye duka swali ambalo wanunuzi wachache huuliza, "Ngozi yake yapatikana?" Ndani ya kila pampu mna kikombe kidogo cha ngozi au cha mpira kinachosukuma hewa. Hicho ndicho huchakaa kwanza. Pampu inayofunguka kwa kuzungusha kifuniko chake, na ambayo fundi wa sokoni anayo ngozi yake, itakutumikia miaka. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kiwandani, kikombe chake kikichakaa, huwa ni chuma chakavu. Hata kama ya kwanza ina bei kubwa kidogo, nunua hiyo.

Geji, yaani ile saa ya kupimia upepo, ni nzuri kwenye pampu ya nyumbani, lakini usiiamini kupita kiasi. Kwa vali ya kipira huonyesha zaidi ya upepo uliomo, kwa kuwa hupima pia ile nguvu ya kukifungua kipira. Asiye na geji apakie mzigo wake, apande, na mtu mwingine atazame tairi la nyuma: litanuke kidogo tu pale linapogusa ardhi. Likilala kama chapati, ongeza.

KUITUNZA

Pampu iliyokaa juani au jikoni karibu na moshi hukauka ngozi yake, nawe wasema imeharibika. Fungua kifuniko, vuta chuma nje, uinyooshe midomo ya ngozi taratibu kwa vidole, na utie matone 2 au 3 ya mafuta ya cherehani. Unaporudisha, midomo ya kikombe ielekee kule upepo unakotokea, nayo isikunjike nyuma. Usitie mafuta mengi, maana yatapita mpaka ndani ya tiubu, na mafuta huozesha mpira. Ikiwa kikombe ni cha mpira, usikitie mafuta ya injini wala usikioshe kwa petroli. Kipanguse kwa kitambaa safi tu.

Ukiona pampu yapata moto unapopiga kwa haraka, usiogope. Hewa ikibanwa hutoa joto. Pampu ikikataa kujaza, pima kabla ya kulaumu: ziba tundu kwa kidole kama ulivyofanya dukani. Ikisukuma vizuri, kosa liko kwenye vali au kwenye tiubu. Paka vali maji ya sabuni, na mapovu yatakuonyesha.

Katika safari, ifunge pampu juu ya fremu mahali matope ya gurudumu hayafiki, na kile kipira cha kuunganishia kitoe kwenye vali ukikirudishe ndani ya mpini kama pampu yako ina nafasi hiyo. Katika kibati cha viraka na gundi, weka pia vipande 2 vya kipira cha vali. Kipira hicho kikikatika njiani, pampu iliyo bora kuliko zote haitakujazia tairi.