PICHA, SURA NA ALAMA: MWISLAMU AZITAZAMEJE?

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa ndugu walioingia katika Uislamu karibuni, limo swali la picha. Mmoja ameambiwa na jirani kwamba sala yake ni bure maadamu picha ya marehemu mama yake imo nyumbani, na kwamba hana budi kuichoma moto. Mwingine ametoka katika dini ambayo kuta za kanisa zilijaa picha, na sasa akiingia msikitini huona kuta nyeupe, akahisi kana kwamba ameingia katika nyumba isiyo na mwenyewe. Maswali haya si madogo. Anayeulizwa aichome picha ya mama yake anaulizwa jambo zito, na haifai ajibiwe kwa haraka.

Kwanza yafaa msomaji afahamu kwamba jicho nalo lina lugha yake, na lugha hiyo hufunzwa na watu wa mahali. Katika nchi za Bara Hindi mtu hukuinamishia kichwa upande huu na upande huu akimaanisha ndiyo. Mgeni aliyetoka kwetu Afrika Mashariki hudhani amekataliwa. Huko nguo nyeupe ilikuwa vazi la mjane, na kwa watu wa Ulaya msiba ulikuwa mweusi. Kwetu pwani kanga huzungumza: huwa na jina lake, na mwanamke huweza kumjibu jirani yake bila kufungua kinywa. Hakuna hata moja katika alama hizi iliyo ya kidini kwa asili yake. Kwa hiyo mtu anayesilimu hatakiwi kuyaacha macho ya watu wake na kuazima ya Waarabu au ya Wapakistani. Kofia na kilemba ni mavazi mazuri, lakini si nguzo ya Uislamu.

Sasa tutazame jinsi picha inavyoweza kufanya kazi isiyokusudiwa. Injili zote nne hazisemi hata neno moja kuhusu sura ya uso wa Nabii Isa a.s. Wala hazitaji rangi yake au nywele zake. Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa Tabora au wa Kisumu Yesu alikuwaje, atakueleza bila kusita: nywele ndefu za rangi ya asali, uso mweupe, macho mapole. Ameyapata wapi? Ameyapata ukutani. Picha iliyochorwa na Warner Sallman huko Marekani mwaka 1940 ilichapwa kwa mamilioni mengi ikaenea duniani kote. Kabla yake, katika mapango ya makaburi ya Roma, Wakristo wa karne ya 3 walimchora kama kijana mchungaji asiye na ndevu. Na Wahabeshi wakamchora mwenye macho makubwa na ngozi ya maji ya kunde kama wao wenyewe. Kila taifa lilijichora lenyewe, kisha likapiga magoti mbele ya mchoro. Na taifa lililopokea mchoro wa wengine likajifunza, bila kuambiwa kwa maneno, kwamba utakatifu una rangi ya watu wengine. Hayo ni madhara makubwa, na sijui kama yamekwisha hata leo.

Linganisha na njia ya Hadithi. Katika Sahih Bukhari Mtume Mtukufu s.a.w. anamweleza Nabii Isa aliyemwona katika Miraji kuwa ni mwekundu, mwenye nywele za kipilipili na kifua kipana. Na mahali pengine anamweleza Masihi aliyemwona katika ndoto akiizunguka Al-Kaaba kuwa ni wa rangi ya ngano, mwenye nywele zilizonyooka. Wasomaji wetu wanajua hoja inayotokana na hayo: sura mbili ni watu wawili, na Masihi wa umati huu si yule aliyetumwa kwa Wana wa Israeli. Sura hizo zilitolewa kwa maneno ili atambulikane mtu. Hakuna aliyezitundika akaziabudu.

Ama hatari yenyewe ya picha, Kurani Tukufu imeieleza katika Sura Nuh, inapotaja Wadd, Suwa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas r.a. ameeleza kwamba hayo yalikuwa majina ya watu wema. Walipokufa, watu wao waliwasimamishia sanamu mahali walipokuwa wakikaa, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kizazi kile hakikuziabudu. Waliofuata, elimu ilipopotea, ndio walioziabudu. Yafaa kutulia hapa. Ushirikina haukuanza kwa uovu, ulianza kwa mapenzi. Ndiyo sababu Ummu Habiba r.a. na Ummu Salama r.a. walipomsimulia Mtume s.a.w. juu ya kanisa waliloliona Uhabeshi na picha zilizokuwamo, alilaumu desturi ya kujenga mahali pa ibada juu ya kaburi la mtu mwema na kuweka picha ndani yake.

Waislamu wa mwanzo walilielewa jambo hili hata katika fedha. Mwaka 77 Hijria (696–697), Khalifa Abdul Malik bin Marwan aliziondoa sura za wafalme katika dinari, na mahali pake pakaandikwa maneno ya Umoja wa Mungu. Tangu hapo maandishi yakashika nafasi ya sanamu, na pwani yetu ikaipokea lugha hiyo ya macho kwa ukamilifu. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107). Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yenye vina na lile jina! Ndugu aliyeona kuta tupu msikitini na azitazame tena. Yule asiyefanana na kitu chochote hawezi kuonyeshwa kwa mchoro, ila husomwa na kusikiwa.

Lakini je, kila picha ni sanamu? La, hasha. Kurani Tukufu yenyewe yasema kwamba Nabii Suleimani a.s. alitengenezewa sanamu na waliomtumikia (Sura Saba, 34:14), na nabii hawezi kuwa mshirikina. Bibi Aisha r.a. alikuwa na wanasesere, miongoni mwao farasi mwenye mabawa, Mtume s.a.w. alipomwuliza farasi gani ana mabawa, akamjibu kwamba farasi wa Suleimani walikuwa nayo, na Mtume s.a.w. akacheka. Pazia lake lenye picha lilipokataliwa, alilikata akalifanya mito ya kuegemea, na mito hiyo ikatumika nyumbani. Kitambaa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mahali pake na heshima yake.

Jirani atakusomea Hadithi isemayo kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Ni Hadithi sahihi. Mwombe aendelee kusoma, maana katika mapokeo ya Zaid bin Khalid r.a. kutoka kwa Abu Talha r.a. yamo maneno yanayotoa nje mchoro ulio katika nguo. Na Zaid mwenyewe alikutwa ana pazia la namna hiyo mlangoni pake.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alikubali kupigwa picha, na wapinzani wakapiga kelele. Jibu lake limo katika sehemu ya tano ya Barahin-e-Ahmadiyya, iliyochapishwa mwaka 1908. Alieleza kwamba watu wa Ulaya, kabla ya kusoma maandiko ya mtu, hupenda kuona sura yake, kwa kuwa wana elimu ya kupima tabia kwa uso. Hivyo picha yake ilipelekwa kwao ili iwe njia ya kuwafikia. Yaani alizungumza na kila watu kwa lugha ya macho yao. Pamoja na hayo, alitangaza kwamba anapinga vikali mtu kuiweka picha yake kama waabudu sanamu wanavyoweka, au kuieneza kwa nia hiyo. Naona baadhi yetu huisoma nusu ya kwanza ya jibu hilo na kuisahau ya pili. Katika nyumba za Waahmadiyya nyingi picha za Masihi Aliyeahidiwa a.s. na za Makhalifa zimetundikwa. Si kosa. Lakini mtu akianza kuipaka manukato, au kuigusa kwa baraka kabla ya safari, au kuisemesha katika shida, basi amekwisha kuanza safari ya watu wa Nuhu a.s.

Basi wewe uliyeambiwa uchome picha ya mama yako, usiichome. Iweke. Waonyeshe watoto wako uso wa bibi yao, na umwombee. Ila usiitundike mbele yako upande wa kibla, unaposimama kusali. Mtume s.a.w. alisali siku moja amevaa joho lenye nakshi, nakshi zikamvuta macho. Alipomaliza akaamuru lirudishwe kwa Abu Jahm aliyelitoa, akaomba lake lisilo na nakshi. Kama nakshi tu za joho zilirudishwa, uso wa mzazi utakuvuta zaidi. Na dada zetu wanaosali na kanga nao wachague jina lake kwa uangalifu, kwa kuwa aliye safu ya nyuma analisoma.